Lehemu yangu ni 6.4: niache nazi, au niache nini?

Swali:

"Daktari, habari za kazi. Mimi ni mwanamume wa miaka 46, mkazi wa Tanga, na kazi yangu ni ya kukaa ofisini. Nina kilo 88 na urefu wa sentimita 170. Sivuti sigara, presha ni 128/82, sukari iko sawa. Mwezi uliopita nilipimwa mafuta ya damu: lehemu (kolestero) ya jumla 6.4, LDL 4.3, HDL 1.0, trigliseridi 2.4. Daktari wangu amenipa miezi mitatu nirekebishe chakula na nifanye mazoezi, ndipo aamue kuhusu vidonge. Nimeshaacha mayai kabisa, na kila asubuhi nakunywa maji ya moto yenye ndimu na kitunguu saumu. Nyumbani tunapikia nazi karibu kila siku. Mama yangu anasema wazee wetu walikula nazi maisha yao yote na mioyo yao ilikuwa mizima. Je, niache nazi? Na ni mazoezi gani yanayoshusha lehemu haraka?"

Jibu:

Ndugu yangu, nazi ipunguze sana, lakini huna haja ya kuifukuza jikoni. Mayai yarudishe kwa kiasi. Ndimu na kitunguu saumu usivitegemee. Kuhusu mazoezi, yatakusaidia mno, ila si kwenye namba unayoifikiria. Nakuomba uelewe sababu za kila moja, maana watu wengi hupoteza miezi yao mitatu kwa kupigana na chakula kisichohusika.

Karatasi yako ina namba nne, zote kwa milimoli kwa lita, lakini inaonyesha matatizo mawili. La kwanza ni LDL ya 4.3, yaani lehemu inayojipenyeza kwenye kuta za mishipa na kuiziba polepole. La pili ni trigliseridi, yaani mafuta ya nishati yanayozunguka kwenye damu, ya 2.4, pamoja na HDL, ile lehemu inayorudishwa kwenye ini, iliyoshuka hadi 1.0. Hizi mbili kwa kawaida huenda pamoja, moja ikipanda nyingine hushuka. LDL yako inatawaliwa zaidi na aina ya mafuta unayokula. Trigliseridi inatawaliwa zaidi na sukari, wanga, pombe, kitambi na kukaa. Kwa hiyo kila tatizo lina dawa yake, na ukitumia ya hili kwa lile utapimwa tena na kushangaa kwa nini hakuna kilichobadilika.

Chukua pia lehemu ya jumla, toa HDL: 6.4 kutoa 1.0 ni 5.4. Namba hiyo inajumlisha lehemu yote yenye madhara kwa mishipa, na ndiyo ninayotaka uiandike ukutani, kwa sababu haipotoshwi na chakula ulichokula jana usiku. LDL mara nyingi maabara haiipimi moja kwa moja, huipigia hesabu: lehemu ya jumla, toa HDL, toa trigliseridi iliyogawanywa kwa 2.2. Ya kwako inatoka 4.3 kamili, ina maana ndivyo walivyoipata. Trigliseridi ikivuka 4.5 hesabu hiyo haiaminiki tena. Na siku ukipewa majibu kwa miligramu, gawanya lehemu kwa 38.7 na trigliseridi kwa 88.6, utarudi kwenye namba za aina hii hii.

Sasa mayai. Lehemu nyingi iliyo kwenye damu haitoki kwenye sahani, inatengenezwa na ini lako mwenyewe. Yai moja lina miligramu zisizofika 200 za lehemu, lakini mafuta mgando yake, yaani yale yanayoganda kwenye baridi, ni gramu moja na nusu tu. Kinachopandisha LDL kwa nguvu ni mafuta mgando, kwa sababu yanapunguza vipokezi ambavyo ini huvitumia kuinasa LDL na kuiondoa kwenye damu. Vipokezi vikipungua, LDL inabaki ikizunguka. Kwa mtu asiye na kisukari kama wewe, mayai matatu au manne kwa wiki hayatakuharibia. La muhimu ni yai limepikwaje. La kuchemsha sawa, lililozama kwenye mafuta ya chipsi hapana. Kanuni hiyo hiyo inahusu pweza na kamba, ambao watu huwaogopa bure. Wana lehemu ndiyo, ila mafuta mgando yao ni kidogo mno. Pweza wa kuchoma na ndimu ni chakula chako. Pweza wa tui zito si chako, na wa kulaumiwa hapo ni tui.

Tuje kwenye nazi yenyewe. Mafuta ya nazi yana zaidi ya asilimia 80 ya mafuta mgando, kuliko samli, kuliko mafuta ya ng'ombe. Kwenye joto la Tanga huwezi kuyaona yameganda kwa kuwa yanayeyuka kwenye nyuzi 24 hivi. Chupa hiyo hiyo ukiamka nayo Lushoto mwezi wa saba utaikuta ngumu. Mwaka 2020 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya majaribio mengi ya kulinganisha mafuta ya nazi na mafuta ya mimea kama alizeti na soya. Ya nazi yalipandisha LDL kwa miligramu 10 hivi kwa desilita, ambayo kwa vipimo vyako ni takribani 0.27. HDL nayo ilipanda kidogo, lakini kupanda kwa HDL kwa njia hii hakujathibitika kumkinga mtu na chochote, kwa hiyo usilihesabu kama faida.

Fanya hesabu ya sufuria. Tui zito, lile la kwanza lisilotiwa maji mengi, lina gramu 20 hivi za mafuta katika kila mililita 100, na karibu yote ni mgando. Kikombe kimoja cha tui hilo kwenye sufuria ya watu watano kinampa kila mtu gramu 9 au 10. Mtu mwenye LDL ya juu, anayekula kalori 2,000 kwa siku, anashauriwa asizidishe gramu 13 za mafuta mgando kwa siku nzima, na hata mtu mzima wa kawaida asivuke 22. Wali wa nazi peke yake, basi, umekaribia kuimaliza siku. Wali wa nazi kwa maharage ya nazi umeivuka. Asubuhi yake kulikuwa na mahamri ya nazi na mbaazi za nazi, na kikombe cha maziwa yenye malai yake yote kilicholeta gramu 5 nyingine. Hapo ndipo LDL yako ilipo.

Unachotakiwa kufanya si kigumu, ila kinahitaji mkubaliane na anayepika. Weka siku mbili kwa wiki za nazi, na siku hiyo iwe sufuria moja tu. Wali ukiwa wa nazi, mboga isiwe na nazi. Kwenye siku hizo pikia tui jepesi la mkamuo wa pili na wa tatu, na tui zito liwe vijiko viwili au vitatu vya chakula vya kumalizia, kwa sababu harufu na ladha nyingi zinaletwa na hicho kidogo cha mwisho. Siku nyingine mchicha, kisamvu na maharage viungwe kwa karanga za kusaga kama wanavyofanya bara: vijiko viwili vya chakula kwa sufuria ya watu wanne. Mafuta ya karanga kwa sehemu kubwa ni laini, si mgando, na mboga bado inakuwa nzito na tamu. Samaki wa kupaka unaweza kumpaka ukwaju, nyanya, pilipili na kijiko cha karanga, akaiva vizuri tu. Maji ya dafu hayana mafuta ya kuhesabika, kunywa bila hofu.

Hoja ya mama ni ya haki na inastahili jibu la heshima. Wapo watu waliochunguzwa ambao chakula chao kikuu ni nazi: wakazi wa visiwa vya Tokelau na Pukapuka katika Bahari ya Pasifiki. Utafiti ulichapishwa mwaka 1981. Wa Tokelau walipata zaidi ya nusu ya kalori zao kwenye nazi, wa Pukapuka kama theluthi. Magonjwa ya mishipa yalikuwa machache pande zote mbili, kwa hiyo mama hajakosea. Lakini lehemu ya watu wa Tokelau, waliokula nazi nyingi zaidi, ilikuwa ya juu kuliko ya wenzao, ikimaanisha nazi ilifanya kazi yake ile ile. Kilichowasaidia ni samaki kila siku, sukari kidogo, nazi kuliwa na nyama yake yenye nyuzinyuzi, na mwili uliokuwa kazini mchana kutwa. Wazee wetu wa pwani walikuwa na sehemu kubwa ya mambo hayo. Wewe umerithi sufuria yao, lakini unakaa kitini kwa muda wa saa nane kila siku, na sukari iko mezani mara tatu kwa siku.

Baada ya nazi yanakuja mafuta ya kupikia, na hapa watu wengi hujidanganya kwa lebo. Maneno "hayana lehemu" kwenye kopo hayana maana yoyote, kwa kuwa hakuna mmea unaotengeneza lehemu ya kuhesabika. Geuza kopo utafute chanzo. Mafuta mengi ya bei nafuu ya madumu ni ya mawese, ambayo karibu nusu yake ni mgando. Alizeti ina kama sehemu moja ya kumi tu, na nchi yetu inayalima kwa wingi Singida na Dodoma, huhitaji kutafuta mafuta ya zeituni ya bei kali. Samli na mafuta ya kuganda ya makopo yaache kabisa. Yale ya kimea yaliyogandishwa kiwandani yanaweza kuwa na mafuta aina ya transi, ambayo ni mabaya kupita yote, maana yanapandisha LDL na kushusha HDL kwa pamoja. Ukiona kwenye orodha maneno ya kwamba mafuta yametiwa haidrojeni, rudisha rafuni.

Kiasi nacho kina maana. Vijiko viwili vya chakula kwa mtu kwa siku ni karibu lita moja kwa mwezi. Familia ya watu watano ikimaliza dumu la lita 5 kwa mwezi iko kwenye ukingo wa juu, na kwa uzito wako ningependa mshuke hadi lita 3 au 4. Usimimine kutoka kwenye dumu, pima kwa kijiko. Mafuta yaliyokwisha kukaanga mara mbili na kubadilika rangi yamwage. Kwa sababu hiyo hiyo chipsi na kuku wa kukaanga wa barabarani, ambapo mafuta huongezewa tu juu ya ya jana, ni vya kuaga kwa miezi hii.

Nyama kula, mara mbili au tatu kwa wiki, kipande cha ukubwa wa kiganja bila vidole, mafuta yamekatwa kabla ya kuiva. Ngozi ya kuku iondoe kabla ya kupika. Supu ya mbuzi au makongoro iache ipoe, iweke kwenye friji usiku, asubuhi ondoa lile tabaka jeupe lote, kisha pasha. Maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa fanya vivyo hivyo, ondoa malai mara mbili.

Kupunguza ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuongeza nyuzinyuzi za utelezi, zile zinazofanya uji uwe mzito na bamia ziteleze. Ini hutumia lehemu kutengeneza nyongo, na nyongo nyingi hurudishwa mwilini kutoka utumboni. Utelezi huo unainasa nyongo na kutoka nayo kwenye haja, hivyo ini linalazimika kuchota LDL zaidi kwenye damu ili kutengeneza nyingine. Gramu 5 hadi 10 za nyuzinyuzi hizi kwa siku hushusha LDL kwa kama asilimia 5. Mkazi wa pwani amebarikiwa hapa: mbaazi, kunde, choroko, dengu, maharage, bamia, bilinganya, vyote vipo sokoni. Kula kikombe kimoja cha kunde au jamii yake, kilichopikwa, kila siku. Bamia au bilinganya mara nne kwa wiki. Asubuhi uji wa shayiri au oti, gramu 75 kavu, ambazo ni kama kikombe kimoja kidogo, zenye gramu 3 za nyuzinyuzi maalumu inayoitwa betaglukani. Usiusage na kuuchuja, unaitupa dawa.

Kama ratiba haikuruhusu, kuna isabgol, maganda ya mbegu yanayouzwa famasi na kwenye maduka ya viungo. Anza na kijiko kimoja cha chai jioni, wiki ya pili fanya asubuhi na jioni, hadi ufike gramu 10 kwa siku. Koroga kwenye glasi kubwa ya maji, kunywa mara moja kabla haijawa jeli, kisha glasi nyingine ya maji matupu. Wanaoikosea huinywa na maji kidogo, ikakwama na kuwafunga tumbo, au huanza na dozi kamili na kujaa gesi wakaiacha siku ya tatu. Dawa nyingine yoyote unayotumia itenganishe nayo kwa saa mbili.

Karanga au korosho zisizo na chumvi, konzi moja ya gramu 30, mara tano kwa wiki. Zina kalori kama 170, kwa hiyo zichukue nafasi ya andazi, zisiongezwe juu ya andazi. Parachichi nusu kwa siku ni sawa kwa utaratibu huo huo.

Sasa kosa linalowakwamisha wengi baada ya kuacha nazi na nyama: wanajaza nafasi kwa wali mweupe, mkate na chai ya sukari. LDL inashuka kidogo, trigliseridi inapaa, HDL inazidi kuzama, na mtu anasema chakula hakisaidii. Ini linageuza sukari na wanga uliozidi kuwa trigliseridi. Kwa 2.4 yako, anza na vinywaji. Soda moja ya mililita 350 ina sukari vijiko vya chai 8 au 9. Juisi ya miwa na ya embe haziko mbali, hata kama umekamua mwenyewe. Kula embe, usilinywe. Chai isizidi kijiko kimoja cha sukari, na ndani ya mwezi ulimi utazoea hata bila. Mahamri, vitumbua na kashata viwe vya sikukuu. Wali au ugali upime kwa ngumi yako, ngumi moja na nusu inatosha, dona ni bora kuliko sembe, na nusu ya sahani iwe mboga. Kama unakunywa pombe, iache miezi hii mitatu yote. Kwa baadhi ya watu hiyo peke yake hurudisha trigliseridi mahali pake. Samaki wa mafuta kama vibua, jodari na dagaa mara mbili au tatu kwa wiki wanasaidia trigliseridi, wasikaangwe tu.

Jambo dogo ambalo karibu hakuna anayeulizwa hospitalini ni kahawa. Kahawa ya pwani inayochemshwa kwenye dele haichujwi kwa karatasi, na ndani yake hubaki kitu kinachoitwa kafestoli, kinachopandisha LDL. Kikombe kimoja cha barazani jioni hakina neno. Ukiwa mtu wa vikombe sita au saba kila siku, punguza hadi kimoja, au nyumbani tumia chujio la karatasi, ambalo huzuia karibu kafestoli yote. Kahawa ya unga ya kuyeyuka nayo ina kidogo sana.

Ndimu haiyeyushi mafuta kwenye mishipa. Ikifika tumboni inakutana na asidi kali kuliko yenyewe, na hakuna njia ya kuipeleka kwenye ukuta wa mshipa. Kitunguu saumu kina athari ndogo isiyotabirika. Kama maji hayo unayapenda na hayakuunguzi kifua, endelea nayo kama kinywaji.

Mazoezi niyaeleze kwa ukweli wake. Kutembea haraka, kukimbia au kuendesha baiskeli kwa wiki 12 hushusha LDL kwa asilimia chache tu. Trigliseridi hushuka zaidi, na HDL hupanda kidogo. Sababu ni kwamba msuli unaofanya kazi huongeza kimeng'enya kwenye kuta za mishipa yake midogo, kinachochambua trigliseridi ili zichomwe. Kazi ya kimeng'enya hicho hudumu siku moja au mbili baada ya zoezi, kisha hupotea. Ndiyo maana mpira wa Jumamosi peke yake hausaidii sana, na ndiyo maana nakuomba usipitishe siku mbili mfululizo bila kufanya kitu.

Lengo ni dakika 150 kwa wiki kwa uchache, na kwa sababu una uzito wa kupunguza, tufike 225. Mwendo sahihi ni ule unaoweza kuongea sentensi lakini huwezi kuimba. Kwa hesabu, ni hatua 100 au zaidi kwa dakika: hesabu sekunde 15, ukipata chini ya 25, unatembea kama uendaye dukani. Wiki mbili za kwanza tembea dakika 20, siku tano. Wiki ya tatu na ya nne, dakika 30. Kuanzia ya tano hadi ya nane, dakika 40, na ndani yake weka vipande sita vya dakika moja vya kasi inayokukata maneno, kila kimoja kikifuatiwa na dakika mbili za kawaida. Wiki nne za mwisho, dakika 45, siku tano, na vipande hivyo vifike nane. Ukiruka wiki kwa ugonjwa au safari, rudi ulipokuwa wiki mbili nyuma, usiendelee ulipoishia.

Tanga ni tambarare na ni mji wa baiskeli. Ukienda kazini nayo na kurudi, dakika 20 kila upande, wiki yako imeshavuka dakika 150 bila kutafuta muda. Wa kutembea atoke baada ya swala ya Alfajiri au saa kumi na moja jioni, barabara ya Raskazone ina upepo. Jua la saa sita si la mazoezi. Siku mbili kwa wiki ongeza nguvu za misuli: kukaa na kuinuka kitini bila kushika mara 12, kujisukuma ukutani au mezani mara 12, kubeba ndoo mbili za lita 10 na kutembea nazo hatua 40. Mzunguko huo urudie mara tatu, pumzika dakika moja katikati. Na baada ya chakula cha usiku, kabla ya kukaa mbele ya televisheni, tembea dakika 15. Husaidia sukari na mafuta yanayopanda baada ya kula, wakati hasa yanapopanda.

Kifua kikibana, maumivu yakielekea taya au mkono, pumzi ikikatika isivyo kawaida, au shavu la mguu likiuma kila unapotembea na kutulia ukisimama, acha mazoezi uende hospitali. Dalili hizo hazisubiri miezi mitatu.

Kwa uzito, BMI yako, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, ni 30. Kupunguza kilo 5 au 6 katika wiki 12, nusu kilo kwa wiki, kunatosha kushusha trigliseridi kwa karibu moja ya tano. Pima kiuno kila Jumatatu asubuhi usawa wa kitovu. Sentimita hizo zinasema kweli kuliko mizani.

Utegemee nini mwishoni? Watafiti wa Toronto mwaka 2003 waliwapikia watu chakula chenye mchanganyiko wa nyuzinyuzi za utelezi (bamia na bilinganya zikiwemo), soya, lozi na steroli za mimea (viini vinavyofanana na lehemu), na LDL ilishuka kwa karibu asilimia 29, karibu sawa na kidonge cha zamani cha statini, yaani dawa ya kushusha lehemu. Walipojaribu tena kwa kuwashauri tu watu wajipikie wenyewe, matokeo yaliyochapishwa 2011 yalikuwa asilimia 13 hivi. Tofauti hiyo ni ya utekelezaji. Kwako, ukifuata haya kwa uaminifu, LDL kutoka 4.3 hadi kati ya 3.5 na 3.9 ni matarajio ya kweli, na trigliseridi kufika 1.7 au 1.9 inawezekana. HDL isikusumbue, itapanda kidogo yenyewe.

Kabla miezi haijaisha muombe daktari akupime tezi ya thairoidi, sukari ya miezi mitatu, protini kwenye mkojo na ini. Thairoidi iliyolegea na figo zinazovujisha protini hupandisha LDL, na hakuna bamia itakayoishusha mpaka chanzo kitibiwe. Mwambie pia kama unatumia steroidi au dawa za kufubaza virusi, kwani baadhi yake hupandisha mafuta. Muhimu zaidi, mtaje baba au kaka aliyepata mshtuko wa moyo kabla ya miaka 55, au mama au dada kabla ya 65. Mtu mwenye LDL ya 4.9 kwenda juu, hasa kama ukoo una historia hiyo au kano za visigino zimevimba, huenda ana lehemu ya kurithi, na huyo vidonge ni vya kuanza mapema pamoja na chakula. Kadhalika mtu mwenye kisukari aliyevuka miaka 40, au aliyewahi kupata kiharusi. Wewe kwa maelezo yako hauko kundi hilo, ndiyo maana daktari amekupa nafasi, na nafasi hiyo ni ya halali.

Kipimo cha kurudia kifanye wiki ya 12, maabara ile ile, baada ya kufunga saa 10 hadi 12 ili trigliseridi ilinganishwe vizuri. Wiki mbili kabla yake kula kama ulivyokuwa ukila, usijibane ili namba ipendeze. Usipime ukiwa na malaria au homa nyingine, wala kabla haijapita kama mwezi tangu kupona, kwa sababu maambukizi hushusha lehemu kwa muda na kuinua trigliseridi. Trigliseridi inaweza kucheza kwa asilimia 20 kati ya siku na siku bila sababu, kwa hiyo badiliko la 2.4 kwenda 2.2 si habari. Angalia ile 5.4 uliyoiandika ukutani: ikishuka hadi 4.5 au chini, umefanya kazi kubwa.

Siku ya kurudi kwa daktari nenda na majibu yote mawili, kipimo cha kiuno cha kila wiki, na orodha ya kweli ya ulichokula siku tatu zilizopita. Atayaweka pamoja na umri wako, presha na chati za hatari ya moyo zilizotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2019, ambazo zina jedwali la ukanda wetu. Akiamua uanze statini, chakula na mazoezi vinaendelea, maana kidonge kikiongezwa dozi mara mbili hushusha LDL kwa asilimia 6 tu zaidi, wakati sufuria yenu ya nyumbani ikirekebishwa inashusha kuliko hiyo. Na ukishaanza usiache kwa sababu namba imekuwa nzuri. Imekuwa nzuri kwa sababu unakimeza.